Kuwa na Jeni na Kudhihirika kwa Jeni: Istilahi za Safari ya Kutoka Jeni hadi Protini

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haiishii katika kutafuta neno moja la Kiswahili la kuwekwa mahali pa neno moja la kigeni. Istilahi huja kwa makundi, mfano wa ndugu wa ukoo mmoja, na kila moja hupata maana yake kwa kutofautishwa na nyingine iliyo jirani yake. Pale ambapo dhana mbili zimepewa jina moja, wasemaji huziona kuwa ni kitu kimoja, na upungufu wa lugha hugeuka kuwa upungufu wa fikira. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano kutoka elimuviumbe, nao ni namna jeni zinavyodhihirika kuwa protini ndani ya seli zilizo hai.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tutaifuata jeni moja tu, yaani ile inayohusika na hemoglobini, ambayo hitilafu yake huleta ugonjwa wa selimundu. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu umeenea sana katika Afrika Mashariki, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa nao kila mwaka. Pili, ndio ugonjwa wa kwanza ambao wanasayansi walifaulu kuufuatilia hadi ndani ya molekuli yenyewe. Isitoshe, ugonjwa huu una fumbo linalowatatiza wazazi wengi: mtoto huzaliwa akiwa mzima, hunyonya na kunenepa, kisha baada ya miezi kadhaa huanza kuvimba vidole, kuishiwa damu na kulia kwa maumivu. Mzazi huuliza: ikiwa ugonjwa ni wa kurithi, mbona hakuzaliwa nao? Jibu la swali hilo limo katika dhana moja ambayo jina lake la Kiswahili bado halijatulia.

Neno "vinasaba" na mzigo wake

Neno kinasaba, na wingi wake vinasaba, limeundwa kutokana na nasaba, yaani ukoo au asili ya mtu. Ni neno zuri kwa sura, nalo limekubalika upesi. Magazeti huandika habari za vipimo vya vinasaba pale maiti wasiotambulika wanapotafutiwa jamaa zao, au mahakama inapotaka kujua mzazi wa mtoto. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayohusu vinasaba vya binadamu, na vipimo hivyo hufanyika katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo si kusudi letu kulifukuza neno ambalo wananchi wamekwisha kulikaribisha nyumbani.

Hata hivyo, hapana budi tuseme kwamba neno hilo limetwishwa mizigo miwili. Mara hutumiwa kwa maana ya DNA, ambayo ni kemikali iliyo mfano wa uzi mrefu. Na mara hutumiwa kwa maana ya jeni, ambayo ni sehemu ya uzi huo yenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani. Tofauti yake ni kama ile iliyopo kati ya karatasi ndefu na agizo moja lililoandikwa juu yake. Anayepima DNA ili kumtambua marehemu hahitaji kujua agizo lolote linasema nini. Hulinganisha alama tu. Lakini anayetaka kuelewa ugonjwa hana budi kujua agizo, na zaidi ya hapo, kujua kama agizo limetekelezwa.

Aidha, nasaba huelekeza mawazo kwenye urithi peke yake. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na msemo huo unatosha kwa mtu anayetaka kujua sifa zimetoka wapi. Hautoshi kwa anayeuliza jinsi sifa hiyo inavyofanya kazi kila siku mwilini. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba jeni itumike kwa sehemu yenye agizo, DNA kwa kemikali yenyewe, na vinasaba libaki kuwa neno la jumla katika mazungumzo ya kawaida, na katika sheria ambako limekwisha kukaa.

Masjala na karakana

Seli nyingi za mwili wa binadamu zina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu 46 ambazo zimebeba DNA. Jeni zenye maagizo ya kutengeneza protini zinakadiriwa kuwa kama 20,000. Msomaji aliyepata kufanya kazi ofisini anaweza kukifananisha kiini na masjala: majalada ya asili yote yamo humo, na hayaruhusiwi kutoka. Karakana inayotengeneza protini iko nje ya kiini, nayo ni ribosomu. Basi agizo linatokaje masjala na kufika karakana pasipo jalada la asili kutolewa?

Hapa ndipo tunapokutana na matendo matatu ambayo Kiswahili hakina budi kuyatenga waziwazi.

Tendo la kwanza ni lile linalotokea kabla seli haijagawanyika. DNA yote hufanyiwa nakala kamili, ili kila seli mpya ipate masjala yake. Tendo hili tunapendekeza liitwe urudufishaji, kwa kuwa kurudufu ni kufanya kitu kuwa maradufu, na hapa DNA moja huwa mbili.

Tendo la pili ni kuiandika jeni moja, wala si zote, katika molekuli nyingine iitwayo RNA. Baadhi ya waandishi huliita tendo hili pia kunakili, na kwa kufanya hivyo hulichanganya na la kwanza. Sisi tunapendelea unukuzi. Wanaisimu wetu hulitumia neno hilo kwa kazi ya kuyaandika matamshi kwa alama. Hali kadhalika, mhariri anayechukua hati ya utenzi iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akaiandika upya kwa herufi za Kirumi, hafanyi tafsiri. Lugha ni ile ile, kilichobadilika ni maandishi. Ndivyo ilivyo katika unukuzi wa jeni. DNA huandikwa kwa besi nne ambazo kwa kifupi ni A, T, G na C. RNA nayo hutumia A, G na C, lakini mahali pa T huweka U.

Tendo la tatu hufanyika katika ribosomu, ambako maandishi ya besi hugeuzwa kuwa mnyororo wa asidi amino, na mnyororo huo hujikunja ukawa protini. Hapa lugha yenyewe imebadilika: kutoka lugha ya besi nne kwenda lugha ya asidi amino 20. Neno tafsiri ndilo linalostahili, wala hatuoni haja ya kuunda jingine. Mwanafunzi akishika kwamba unukuzi hauvuki lugha na tafsiri huvuka, amekwisha kushika nusu ya somo.

Tarishi, mchukuzi na kodoni

RNA inayopeleka agizo kutoka kiini hadi ribosomu imeitwa na wengine RNA mjumbe. Jina hilo si baya, lakini katika matumizi yetu mjumbe ni mtu mwenye kauli: huwakilisha watu, hujadili, na hupiga kura. Tarishi ni mwingine. Yeye hupewa barua, huipeleka inakotakiwa, wala haongezi neno lake. Kwa kuwa RNA hii haijadili, na kwa kuwa baada ya kusomwa mara kadhaa huvunjwavunjwa na kwisha, tunapendekeza RNA tarishi.

Jina hili lina faida ya ziada. Chanjo mbalimbali za Uviko-19 zilizoidhinishwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 zilitengenezwa kwa RNA ya aina hii, na kukazuka uvumi kwamba zingebadili vinasaba vya waliochanjwa. Lau lugha yetu ingekuwa imekwisha kutenganisha jalada la masjala na barua ya tarishi, ingalikuwa rahisi zaidi kuwaeleza wananchi kwamba tarishi huyo huishia karakana, wala haingii masjala kuandika upya majalada.

Katika karakana yupo pia RNA mwenye kazi ya kuleta asidi amino moja moja na kuiweka mahali pake. Huyu tunapendekeza aitwe RNA chukuzi, kwa kumfananisha na mchukuzi wa bandarini anayejua mzigo upi ni wa ghala lipi.

Ribosomu husoma besi tatu tatu. Fungu hilo la besi tatu tumeona vema liitwe kodoni kwa njia ya utohozi. Wapo walioshauri neno utatu, lakini neno hilo limekwisha kupata makao katika mafundisho ya dini ya Kikristo, na si vizuri kuwalazimisha wanafunzi kulitoa huko. Kwa besi nne zikipangwa tatu tatu, zipo kodoni 64. Kati ya hizo, 61 hutaja asidi amino, na 3 huamuru kazi ikome. Kodoni AUG ndiyo ya kuanzia kwa kawaida. Kodoni ya kwanza ilifumbuliwa mwaka 1961 na Marshall Nirenberg pamoja na Heinrich Matthaei huko Marekani, nao waligundua kwamba UUU hutaja asidi amino iitwayo fenilalanini. Kufikia mwaka 1966 orodha nzima ilikuwa imekamilika.

Yafaa tuongeze kwamba maandishi ya kwanza ya unukuzi mara nyingi huwa na vipande visivyohitajika katika tafsiri. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1977. Jeni ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, kwa mfano, ina vipande viwili vya namna hiyo, navyo huitwa introni. Kabla tarishi hajatoka katika kiini, introni hukatwa na sehemu zilizobaki huungwa. Tunashauri tendo hili lisiitwe uhariri, maana uhariri hubadili maneno, na lipo tendo jingine ndani ya seli ambalo kwa kweli hubadili besi za RNA. Kukata na kuunga kunatosha.

Herufi moja iliyopotoka

Sasa na tuifuate jeni yetu. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na jeni yake iko katika kromosomu ya 11. Kwa kawaida, kodoni inayotaja asidi amino ya sita katika mnyororo huo ni GAG, nayo hutaja asidi glutamiki. Katika jeni ya selimundu besi moja ya A imebadilika kuwa T. Kwa hiyo RNA tarishi huandikwa GUG, na mahali pa asidi glutamiki huwekwa valini.

Msomaji atashangaa kwamba herufi moja ina nguvu kiasi hicho. Lakini barua iliyoagiza "lima shamba" ikiandikwa "lipa shamba", makosa ni ya herufi moja tu, na anayeipokea hatashika jembe bali atatafuta fedha. Asidi glutamiki hupatana na maji, valini huyakimbia. Hemoglobini yenye valini hapo inapoachia oksijeni, molekuli zake hushikamana zikawa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huipinda seli nyekundu ya damu hata ikawa mfano wa mundu. Seli nyekundu ya kawaida huishi kiasi cha siku 120. Iliyopinda huishi kati ya siku 10 na 20 hivi. Ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu. Na kwa kuwa seli hizo ngumu huziba mishipa midogo, ndiyo maana huumwa mno.

Historia ya ugunduzi huu yafaa kukumbukwa. James Herrick wa Chicago alizieleza seli zenye umbo la mundu mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, alithibitisha kwamba tofauti yenyewe ni ya asidi amino moja. Naye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954 kwamba mtu mwenye jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo jeni hii imedumu katika nchi za malaria kwa sababu maalumu, wala si kwa laana ya ukoo wowote.

Jeni iliyolala na jeni iliyoamka

Tumefika kwenye kiini cha makala yetu. Mtoto mwenye selimundu huwa na jeni zake mbili zenye hitilafu tangu siku mimba ilipotungwa, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mbona basi hauguzwi tangu siku ya kuzaliwa?

Sababu ni kwamba seli haitekelezi maagizo yote iliyo nayo. Seli ya jicho na seli ya ini zina majalada yale yale, lakini kila moja hufungua yale inayoyahitaji. Jeni ya beta imo katika seli za ngozi na za misuli pia, lakini husomwa kwa wingi katika seli changa za uboho wa mifupa zitakazokuwa seli nyekundu za damu. Tena usomaji hubadilika kwa wakati. Mtoto akiwa tumboni, mahali pa minyororo ya beta hutumika minyororo ya gama, ambayo ina jeni zake. Hemoglobini inayopatikana kwa njia hiyo huitwa hemoglobini ya kijusi, nayo haina ile valini inayoleta madhara. Karibu na wakati wa kuzaliwa jeni za gama huanza kunyamaza na jeni ya beta huongeza kasi. Mtoto anapofika miezi sita hivi, hemoglobini ya kijusi imekwisha kupungua sana, na dalili za ugonjwa hujitokeza.

Mtoto huyo hakubadilika, wala hakutupiwa jicho baya na jirani. Jeni aliyokuwa nayo siku zote sasa imedhihirika. Hiyo ndiyo dhana tunayoitafutia jina, nasi tunapendekeza kitenzi kudhihirika kwa upande wa jeni, kudhihirisha kwa upande wa seli, na nomino udhihirishaji wa jeni. Wengine wamesema usemi wa jeni, lakini usemi katika Kiswahili ni namna ya kusema au msemo wa wahenga, na msikilizaji atangojea methali. Wengine wamesema utengenezaji wa protini. Hilo ni sahihi kwa jeni ya beta, lakini zipo jeni ambazo mazao yake ya mwisho ni RNA yenyewe, kama ile RNA chukuzi, na jina hilo lingeziacha nje.

Tofauti kati ya kuwa na jeni na kudhihirika kwa jeni si ya wataalamu peke yao. Mume na mke wenye jeni moja moja ya selimundu kwa kawaida ni watu wenye afya, kwa kuwa jeni yao ya pili hutoa minyororo mizima. Katika kila mimba yao upo uwezekano mmoja kati ya minne kwamba mtoto atapata jeni zote mbili zenye hitilafu na kuugua. Watu wa namna hii wakielezwa kwa kifupi kwamba wana vinasaba vya selimundu, wanaweza kujiona wagonjwa hali si wagonjwa. Na mtoto wao akiugua, mara nyingi lawama humwangukia mama, ilhali hesabu yenyewe yasema kwamba kila mzazi ametoa sehemu sawa. Neno lililo sahihi haliponyi maumivu, lakini laweza kuizuia nyumba isivunjike kwa tuhuma.

Tena matibabu yenyewe yamejengwa juu ya dhana hii. Haidroksiyurea, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu, husaidia kuongeza hemoglobini ya kijusi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo huzichukua seli za uboho za mgonjwa mwenyewe na kukata mahali fulani katika DNA yake, ili kupunguza protini iitwayo BCL11A, ambayo ndiyo inayozinyamazisha jeni za gama. Jeni ya beta yenye hitilafu huachwa ilivyo. Kinachofanyika ni kuiamsha iliyolala. Gharama ya tiba hiyo, iliyotangazwa Marekani kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, ingali mbali mno na mkono wa mwananchi wa kwetu. Lakini kuielewa hakupaswi kuwa mbali naye.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, istilahi tunazozipendekeza ni hizi zifuatazo:

1. Jeni: sehemu ya DNA yenye agizo la kutengeneza protini au RNA.
2. Urudufishaji: kufanya nakala kamili ya DNA kabla ya seli kugawanyika.
3. Unukuzi: kuandika jeni katika RNA.
4. Tafsiri: kuyageuza maandishi ya RNA tarishi kuwa mnyororo wa asidi amino.
5. RNA tarishi: RNA inayopeleka agizo kwenye ribosomu.
6. RNA chukuzi: RNA inayoleta asidi amino kwenye ribosomu.
7. Kodoni: fungu la besi tatu linalotaja asidi amino moja au kuamuru kazi ikome.
8. Udhihirishaji wa jeni: utekelezaji wa agizo la jeni ndani ya seli, kuanzia unukuzi hadi zao la mwisho.

Ndugu msomaji ataona kwamba kati ya istilahi hizi ni jeni na kodoni tu zilizotoholewa, pamoja na vifupisho vya kimataifa vya DNA na RNA. Nyingine zote zimetoka katika shughuli ambazo watu wetu wanazijua tangu zamani: kunukuu hati, kutafsiri, kupeleka barua, kuchukua mizigo. Mtoto wa shule ya msingi husoma sayansi kwa Kiswahili, na wauguzi wengi huwaeleza wazazi mambo ya maradhi kwa Kiswahili hicho hicho. Hao ndio watakaoyapima mapendekezo haya kwa kuyatumia. Tunawaomba walimu, waganga, wauguzi na watangazaji watuletee maoni yao, hasa pale watakapokuta neno tulilolipendekeza linamkwaza msikilizaji, ili lirekebishwe kabla ya kusanifiwa.